Milima Iliyorudi Safari

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Gungu alikuwa anapaka rangi geti lake, nami nikapita juu ya bodaboda na trei ya mayai mapajani. Harufu ya rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa petroli ikanipiga puani, nikapaza sauti "Simama!" kwa nguvu ambayo naamini waliisikia mpaka Kasulu. Kijana wa watu akasimama. Mayai hayakusimama. Nikashuka, nikaenda kuliegemea lile geti bichi nikivuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini, na gauni langu la kutokea likachukua mchoro mzima wa nondo.

"Mama, rangi haijakauka!" jirani akaniambia.

"Najua, baba. Ikikauka haitanukia tena."

Wenzangu wa rika langu, mliosoma kwa koroboi na daftari lenye jedwali la kuzidisha mgongoni, ninyi mtanielewa. Harufu hiyo kwangu mimi si ya geti. Ni ya Kibirizi, siku za mbalamwezi, mitumbwi yote imevutwa juu mchangani na makopo ya rangi yamefunguliwa. Aliyekulia mbali na ziwa nimweleze kidogo. Dagaa wetu huvuliwa gizani, kwa karabai: taa inawaita, wanapanda kuja kuitazama, wavu unawameza. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa isiyo na mwenyewe, dagaa wanatawanyika, na wavuvi hawana la kufanya ila kuziba nyufa, kushona nyavu na kupaka rangi. Sisi hatukujua mwezi wa kalenda. Kulikuwa na giza, wakati wa kazi, na kulikuwa na mbalamwezi, wakati wa mapumziko, ambapo ufukwe wote ulinuka rangi na wanaume walikuwa wapole mpaka unashangaa.

Mama yangu alikuwa mtu wa Kalinzi kule juu, kwenye migomba na kahawa, aliyeshuka ziwani kwa sababu ya mume. Maji ya ziwa aliyaogopa hata yakiwa kwenye ndoo. Lakini dagaa aliwaweza. Aliwanunua wabichi alfajiri, akawamwaga mchangani, akawageuza na kuwageuza mpaka wakakauka na kung'aa kama sindano, huku akifukuza kunguru kwa sauti ambayo nadhani ilikuwa inachelewesha treni stesheni. Baba alikuwa fundi wa injini za boti. Kidole chake cha shahada kilikuwa kifupi, ncha yake ililiwa na feni. Akifungua injini alikuwa anaiimbia. Kweli kabisa, anaiimbia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mke aliyenuna, na sijawahi kuona injini iliyobaki imenuna.

Kiangazi kimoja alikuja mtu kutoka ng'ambo, upande wa Congo, injini yake imekataa kabisa. Baba akachukua begi la spana, akanipapasa kichwa kwa kile kidole kifupi, akapanda boti. Aliniambia atarudi kabla ugali wangu haujapoa. Ugali ukapoa. Kiangazi kikaendelea.

Sasa hapa ndipo kichwa changu cha mtoto kilipofanya kazi yake. Mnajua kiangazi cha kwetu kilivyo. Watu wanachoma mbuga, vumbi linapanda, ukungu mkavu unakaa juu ya ziwa, na ile milima ya Congo ambayo juzi tu ulikuwa unaiona mpaka mikunjo yake, haipo. Ukitazama magharibi unaona maji yanakwenda mpaka yanachoka. Na watu wazima, Mungu awasamehe, walikuwa wanasema mbele yangu bila wasiwasi: "Milima imepotea." "Milima imeondoka mapema mwaka huu." "Ngojeni mvua, milima itarudi." Mtoto afanyeje? Niliamini. Niliamini kwamba ile milima ni wasafiri kama wachuuzi wengine wote wa Kibirizi, kwamba kiangazi kikianza inafunga mizigo, inakwenda huko inakokwenda, pengine kununua vitenge, na mvua za kwanza zikinyesha inarudi, imekoga, imekaa mahali pake. Na Baba alikuwa amekwenda kule ilipo milima. Kwa hiyo aliondoka nayo.

Nilipomuuliza Mama, alikuwa ameinama juu ya dagaa. Hakuinua kichwa.

"Baba anarudi lini?"

"Utamwona milima ikirudi, mwana wanje," akasema kwa Kiha chake cha mapenzi.

Basi, nikathibitishiwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku kwa fujo, mabati yakapiga kelele kama harusi tatu. Asubuhi nikakimbia Kibirizi bila kunawa uso. Milima ilikuwa imerudi! Imesimama pale, ya buluu, safi, karibu mno, ungedhani ukirusha embe litatua Congo. Nikakaa kwenye mchanga uliolowa, nikawatazama abiria wa kila boti iliyofika. Nilikwenda asubuhi iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Milima ilikuwepo yote, sikuona hata mmoja uliochelewa. Baba peke yake ndiye hakuwepo.

Ni katika siku hizo Mwalimu wetu wa Kiswahili alipotuletea haiku, shairi fupi la Kijapani. Mwalimu huyu alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama ubavu mbele ya ubao tulilazimika kumtafuta. Familia yake ilitoka Burundi, mwenyewe alisema alivushwa mgongoni mwa mama yake, "na baba akabaki nyuma kidogo kutafuta mbuzi." Alikuwa anasema hivyo kwa kucheka, nasi tukacheka, tukadhani kisa ni cha mbuzi. Haiku aliipata kwa mgeni Mjapani aliyekuwa njiani kwenda msituni kuwatazama sokwe, akakwama Kigoma akingoja boti, wakanywa pamoja kahawa ya Kalinzi nyingi kupita kiasi. Mgeni akaenda kwa sokwe, haiku ikabaki Gungu.

"Mistari mitatu," Mwalimu akatuambia, chaki mkononi. "Wa kwanza mizani tano, wa pili saba, wa tatu tano. Hesabuni kwa vidole, ndiyo maana mlipewa. Mizani ya sita ni abiria asiye na tiketi. Anashuka!"

"Na vina, Mwalimu?"

"Vina havitakiwi. Kinachotakiwa ni majira. Kila shairi liwe na kitu kinachomwambia msomaji huu ni wakati gani wa mwaka. Kwao wana theluji, wana maua yanayodondoka. Sisi tuna nini?"

"Vumbi!" "Maembe!" "Kumbikumbi!" "Mbalamwezi!"

"Mtihani!" akasema mmoja kutoka nyuma, na Mwalimu akakubali kwamba hayo nayo ni majira, tena mabaya.

Akaandika la kwake ubaoni, tukalisoma wote kwa pamoja:

Mwezi mpevu,
mitumbwi imelala.
Dagaa huru!

Tukapiga makofi. Hatukujua kwamba jambo la kila mwezi, tunalolitemea mate tukipita, linaweza kupanda ubaoni likaonekana vile. Jirani yangu wa dawati, mtoto wa mama ntilie, aliyekuwa mnene kwa sababu za wazi, akasimama akasoma la kwake:

Taa ya bibi
yaita kumbikumbi.
Leteni chumvi!

Darasa zima tukameza mate. Nadhani hata darasa la sita upande wa pili wa ukuta lilimeza. Mimi nilipoitwa nikasimama na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika "Baba yuko wapi," mizani ikakataa, ikawa sita, nikamshusha abiria:

Milima ile
imerudi safari.
Baba yu wapi?

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akaomba nirudie. Nikarudia. Akageukia darasa, macho yameng'aa.

"Mmesikia? Hakusema mvua. Hakusema masika. Amesema milima imerudi safari, nawe msomaji unaiona mvua mwenyewe! Hiyo ndiyo tamathali, watoto. Mlima, kitu kisichojongea, ameufanya msafiri!"

Sikumwelewa. Nilikuwa nimetoa taarifa tu. Nilichosema ni kama kusema treni imefika na shangazi hayumo. Lakini nikaketi kwa maringo, maana kusifiwa hakuhitaji kuelewa.

Mwalimu akaamua mashairi hayo yachapishwe. Mashine ya kudurufu iliyokuwa mjini ilikuwa inakula karatasi kuliko mbuzi, kwa hiyo akaja na lake: yachapishwe pale watu wanapotazama. Lile la kumbikumbi likaandikwa kwenye mlango wa mgahawa wa mama ntilie, kwa herufi nyekundu, na nasikia kwa msimu mzima watu waliosimama kusoma waliishia kuagiza. Lile la mwezi likapata mtumbwi wa kaka yake mwanafunzi mmoja. "Na la kwako, binti wa Fundi," Mwalimu akaniuliza, "unataka likae wapi?"

Sikufikiri hata. "Kwenye boti ya Mzee Sudi."

Kila mtu aliijua boti ya Mzee Sudi. Ilikuwa kubwa, ya mbao, ikibeba magunia ya dagaa na watu kuvuka ziwa kwenda ng'ambo, ikirudi na vitenge na mawese. Kama kulikuwa na kitu kinachofika aliko Baba, ni hicho. Baba alikuwa anasoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye kopo la grisi. Shairi langu likipita mbele yake atalisoma, ataona kwamba milima imekwisha kurudi bila yeye, ataona haya, atapanda. Ndivyo nilivyopanga. Sikumwambia mtu.

Mzee Sudi alikuwa wa Ujiji, wa Ujiji kabisa, kofia ya kiua nyeupe na kitambi kilichokuwa kinafika mahali kabla yake. Alipenda mashairi kuliko chakula, nalo si jambo dogo kwa mtu wa umbo lile. Tungo ndefu za beti nyingi alikuwa nazo kichwani, na akianza kukughania moja unaweza kwenda sokoni, ukarudi, ukamkuta kwenye ubeti uleule wa kumsifu bibi harusi. Mbalamwezi iliyofuata, dagaa hakuna na mzigo hakuna, boti yake ikavutwa mchangani kupakwa rangi ya buluu. Mwalimu akaja, mimi nyuma yake. Mama alikuwa hapo pembeni, anamalizia kugeuza dagaa wa mwisho wa giza lililopita.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Nasikia unawafundisha watoto wetu kukohoa."

"Kukohoa, Mzee?"

"Nimelisoma lile la mlangoni kwa mama ntilie. Taa ya bibi, kumbikumbi, chumvi, kwisha! Hili ni shairi au mtu kapaliwa? Vina viko wapi? Kituo kiko wapi?"

"Ni kama kidonge, Mzee," Mwalimu akasema. "Kidogo, lakini kinafika ndani."

"Kidonge mpe mgonjwa. Boti yangu ni nzima. Nikifika Ujiji na shairi lisilo na vina ubavuni, wazee wenzangu barazani wataniuliza nimeliokota wapi. Nitasemaje?"

Vijana waliokuwa wanapaka rangi wakacheka. Mmoja akasema, "Mwambie mtoto alisome, Mzee, tucheke vizuri." Mzee Sudi akaketi juu ya gunia la nyavu, akaniita kwa kidole.

"Njoo, mjukuu wangu. Kohoa."

Nikasoma. Mzee akangoja. Alipoona hakuna zaidi, akakunja uso, si kwa hasira.

"Milima gani hiyo?"

"Ile." Nikanyoosha mkono ng'ambo.

"Ilikwenda wapi?"

"Safari. Wakati wa kiangazi si haikuwepo, Mzee? Iliondoka, na Baba akaondoka nayo. Sasa yenyewe imerudi yote, nimeitazama, lakini yeye hayumo. Nataka boti yako ipite nalo kule alisome, ajue kwamba wenzake wamekwisha kufika."

Wale vijana wakaacha kupaka. Rangi ikawa inadondoka kutoka kwenye brashi tone kwa tone mchangani. Mwalimu akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kopo, bahati njema lilikuwa na kifuniko.

"Mimi nilidhani ni tamathali," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Mama alikuwa amesimama. Sikujua kwamba alikuwa anasikiliza. Akaja na mikono yake yenye magamba, akachutama mbele yangu mpaka macho yetu yakawa sawa.

"Yoo, mwana wanje," akasema. "Nani alikwambia milima inasafiri?"

"Wote. Na wewe. Ulisema nitamwona milima ikirudi."

Akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Mimi nimezaliwa mlimani. Mlima hauendi popote. Ni moshi tu na vumbi, vinakaa katikati, huoni. Ulikuwepo pale siku zote."

"Na Baba?"

"Baba yako sijui alipo. Nilisema lile neno kwa sababu sikuwa na jingine." Sauti yake, ile inayochelewesha treni, ilikuwa ndogo kiasi kwamba ilinibidi nimtazame midomo. "Nami naangalia kila boti. Najifanya nafukuza kunguru."

Nikalia, lakini si kwa sababu mnayodhani. Niliikasirikia milima. Ilinifanya nikae mchangani asubuhi zote zile kumbe yenyewe wala haikwenda mahali. Nikamgeukia Mwalimu na karatasi yangu. "Basi nilifute, maana si kweli?"

"Usiguse hata herufi," Mwalimu akasema.

Mzee Sudi akasafisha koo. Alisafisha kwa muda mrefu, kama mtu anayetaka kuanza ubeti, lakini alichosema ni kifupi.

"Mwalimu, chukua brashi."

"Bila vina, Mzee?"

"Nani kakuuliza habari za vina? Andika, rangi inaganda."

Mwalimu akaandika kwa rangi nyeupe juu ya ile buluu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, herufi zinasimama wima kama paredi. Mzee Sudi alikuwa nyuma yake muda wote akimwambia shusha, pandisha, hiyo "m" mbona ina njaa. Nilisimama pale mpaka mwisho nikiivuta ile harufu. Ndiyo harufu yangu ya kuchapishwa, wenzangu. Wengine wanaijua ya wino.

Mwezi ukapungua, giza likarudi, boti ikapakia magunia ikavuka. Na hapa sasa msiniambie nimetia chumvi, maana wapo walio hai Kibirizi watakaonishuhudia. Lile shairi lilikuwa linaulizwa kila lilipofika. Watu husoma ubavu wa boti hata kama hawasomi kitu kingine. Wakisoma "Jina la Bwana" au "Subira" wanapita, lakini ukimwuliza mtu "Baba yu wapi?" hawezi kupita. Makuli wa bandari za ng'ambo walikuwa wakiiona inakuja wanapiga kelele kutoka nchi kavu, "Baba yu wapi?" na mabaharia wanajibu, "Yuaja!" Ikawa mchezo. Lakini kila mara alikuwepo wa kusogea na kuuliza taratibu: baba gani huyo? Na Mzee Sudi, mtu wa maneno tangu kuzaliwa, alikuwa anaeleza yote, tangu mwanzo: fundi wa injini, wa Kibirizi, kidole cha shahada kifupi, anaiimbia injini. Alieleza bandari hata bandari. Mtu aliyekataa shairi la kukohoa akawa ndiye anayelighani kuliko tungo zake zote.

Mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, nilimwona Mzee Sudi anapanda kuja kwetu Gungu kwa miguu. Alikuwa amevaa kanzu safi. Hakuniita nikohoe. Mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni, alipomwona akauweka ungo chini polepole, akajifunga kanga upya kiunoni, akasema, "Karibu, Mzee. Sema tu."

Akasema akiwa amesimama. Katika kijiji kimoja kidogo cha ng'ambo, mwanamke mmoja muuza mihogo alisoma ubavu wa boti, akauliza, akaelezwa, akashika mdomo. Fundi yule alifikia kwake. Injini aliitengeneza, ikawaka, na kesho yake akashikwa na homa kali, haikumpa nafasi. Walimwuguza walivyoweza. Walimzika mteremkoni juu ya kijiji, mahali panapotazama ziwa, na begi lake la spana wakamwekea kichwani. Jina la mji wake walilijua, watu wake hawakuwajua. Walituma salamu kwa mchuuzi, na mchuuzi hajulikani aliishia wapi.

"Nimepanda mpaka pale," Mzee Sudi akasema. "Nimemsomea dua, mimi kwa dini yangu. Pamefagiliwa. Yule mama anapafagia."

Mama hakupiga kelele. Baadaye, matanga yalipowekwa na ndugu wakashuka kutoka Kalinzi, alilia mpaka tukaogopa. Lakini pale mlangoni aliuliza jambo moja tu. "Panatazama huku?"

"Panatazama huku."

Watu walijaa kwetu mpaka uani. Walileta migebuka ya ziwani, ndizi, kuni, vyombo vya kupikia, na mama ntilie alipika bila kuagizwa na mtu. Siku ya kuanua matanga Mzee Sudi alimsogelea Mama, Mwalimu yuko kando, akamwuliza kwa adabu sana kama sasa alifute lile shairi, maana jibu limepatikana.

Mama akafikiri. "Liache, Mzee," akasema. "Kuna wengine bado wanauliza."

Mwalimu akainamisha kichwa, akawa anachora kitu mchangani kwa ncha ya kiatu. Siku ile ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kile kisa chake hakikuwa cha mbuzi. Na boti ile iliendelea kuvuka na mistari yangu mitatu ubavuni mpaka mbao zilipochoka, ikipakwa upya kila mara, na walioisoma ni wengi kuliko wasomaji wa vitabu vyote vya mkoa huu ukivipanga kutoka Kibirizi mpaka Ujiji.

Mimi shule niliiacha njiani nikamsaidia Mama dagaa, nikaja kuimaliza ukubwani kwa masomo ya jioni, nikiwa mzee kuliko mwalimu na dawati kwa pamoja. Nina kijitabu changu cha haiku sasa, nilikipanga kwa majira yetu, giza, mbalamwezi, kumbikumbi, moshi, nikakichapisha stationari kwa pini mbili, na ukija kununua vocha dukani kwangu utalazimishwa kukitazama. Bado nahesabu kwa vidole. Mteja akisema "Nipe vocha ya buku" nahesabu saba, namsifu, naye anadhani nimekosea chenji.

Lakini kuna mstari mmoja sikuutia kitabuni. Kiangazi kilichofuata baada ya msiba, milima ikapotea kama kawaida, nami nikawa najua kwamba haijaenda popote, na kujua kule hakukunisaidia kitu. Halafu mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi Mama akaniamsha mwenyewe, akanishika mkono, tukashuka Kibirizi bila beseni, bila chochote. Milima ilikuwa imesimama pale, imeoshwa, ya buluu, unaweza kuhesabu mikunjo yake.

Mama, ambaye alizaliwa mlimani na alijua kuliko mtu yeyote kwamba mlima hausafiri, akaitazama kwa muda.

"Haya," akasema. "Imerudi. Na baba yako kaja nayo. Msalimie."

Nikasimama vizuri, nikanyoosha gauni.

"Shikamoo, Baba."

Mkono wangu mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo, vidole vinahesabu vyenyewe. Mizani sita. Imezidi moja. Nikamwacha abiria wangu, sikumshusha.